Sponji ya Godoro Haizuii Mshale

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkazi wa Nyegezi, Mwanza, na tangu mwaka jana ninajifunza kulenga shabaha kwa upinde wenye nguvu ya pauni 30. Nyuma ya nyumba nina nafasi ya hatua ishirini hivi, inayoishia kwenye jabali. Nilifunga pamoja vipande viwili vya godoro la inchi 6 nikidhani vitatosha, lakini mshale wa nne ulipenya hadi upande wa pili, ukagonga jabali na kupasuka. Sasa nimepata wauzaji wawili. Mmoja ana bonge zima la sponji lenye unene wa sentimita 15, jepesi na la bei nafuu. Mwingine ana bunda la sponji ngumu iliyopangwa kwa matabaka na kubanwa kwa mbao, lenye kina cha sentimita 25, ila bei yake inakaribia mara mbili. Lipi litadumu? Na je, naweza kuliacha nje?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa mshale. Nunua bunda la matabaka; lakini elewa kwanza kilichokuponza kwenye godoro, maana kinaweza kukuponza tena kwenye lile bonge.

Sponji ya godoro ina vitundu vilivyofunguana ili hewa ipite na mwili uzame, kwa hiyo mshale ukiingia haukuti kitu cha kuubana. Kinachosimamisha mshale ni msuguano ubavuni mwake kuliko unene wa kitu kilicho mbele yake. Sponji ifaayo ni ile ambayo kila kitundu kimeziba na hewa yake ndani, kama soli ya ndala. Ibonyeze soli ya ndala kwa ukucha kisha uachie, utaona alama ikijaa polepole hadi ikapotea. Uwezo huo wa kurudi ndio unaoulipia.

Katika bunda lililobanwa vizuri, mshale haulazimiki kuchana sponji. Hupenya kati ya tabaka na tabaka, matabaka hayo yakaukamata pande zote mbili, na ukiuchomoa yanarudiana. Kwenye bonge zima kila mshale huchimba tundu lake, na kwa kuwa sote hulenga katikati, matundu huungana hadi ukapata shimo la kupitisha ngumi. Yapo mabonge mazito yaliyotengenezwa mahususi kwa mishale, nayo si mabaya. Bonge jepesi la sentimita 15 siwezi kumshauri mtu alinunue.

Jambo moja huwaponyoka wengi: bunda husimamishwa kingo za matabaka zikimtazama mpiga upinde, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Ukiligeuza ukapiga upande bapa, utatoboa kila tabaka, na pesa yako yote itakuwa imepotea bure.

Dukani, omba kipande kilichobaki, ukichome kwa msumari mrefu na kuuchomoa. Tundu likibaki wazi, au vumbi la sponji likitoka na msumari, aga uende zako. Angalia pia kama bolti au mikanda inayolibana bunda inaweza kukazwa, kwa sababu baada ya muda matabaka hulegea na mishale huanza kuzama zaidi. Hapo utakaza kidogo tu, bila kununua jingine. Iwapo sehemu ya katikati inaweza kutolewa na kubadilishwa peke yake, hiyo ni heri kubwa. Upana usipungue sentimita 60 kwa 60, ingawa kwa anayejifunza ningependelea 80, maana mishale inayokosa ndiyo ya gharama.

Ukishalipata, bandika karatasi ndogo tatu au nne za shabaha pembeni badala ya moja katikati, na uligeuze juu chini mara kwa mara. Tumia ncha za kawaida za mazoezi. Ncha pana za kuwindia hukata sponji kama kisu. Mshale ukinasa, usiutikise. Weka kiganja kimoja juu ya sponji, shika mshale karibu kabisa na mahali ulipoingia, uvute moja kwa moja, na asiwepo mtu nyuma yako. Kupaka sabuni kavu ya mche kwenye shingo ya mshale husaidia sana, kwa kuwa joto la msuguano huyeyusha sponji kidogo na kuigandisha kwenye mshale.

Kuhusu kuliacha nje, hapana. Jua letu hukausha sponji ya aina hii hadi ikaanza kumeguka kama mkate wa juzi, na mvua za masika hujificha kati ya matabaka na kutia kutu bolti. Liweke barazani, au chini ya turubai lisiloligusa ili hewa ipite, na ulifunge kwenye nguzo, kwa sababu upepo wa ziwani wa alasiri unaweza kuliangusha.

Limebaki jabali. Bunda bora kabisa halimzuii mtu kukosa, na jiwe hurudisha mshale usikotarajia, pengine uani kwa jirani. Tundika zulia kuukuu zito mita moja hivi mbele ya jabali, liwe pana kupita bunda kila upande. Liachwe lining'inie bila kukazwa chini, kwani zulia linaloyumba humeza nguvu ya mshale, ilhali lililokazwa hutobolewa.