Tungsteni haiyeyuki kirahisi, ila hewa inaila

Mkuu, umeuliza kwa nini elektrodi yako ya TIG (uchomeleaji wa umeme unaotumia kijiti cha tungsteni, yaani elektrodi, na gesi ya kinga) inakuwa nyeusi na kuisha haraka wakati kila mtu anasifu tungsteni kuwa haishindwi na moto. Nimechomelea kwa TIG kwa miaka mingi na hili nimelikuta kwa mafundi wengi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Waliokuambia wako sahihi. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, na hakuna metali nyingine inayofika hapo. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Adui wa tungsteni ni oksijeni. Ikipata moto hewani huanza kushika oksidi, na moto ukizidi oksidi hiyo hupaa kama moshi. Yako haiyeyuki, inaungua.

Angalia ncha ukimaliza kuchomelea. Iking'aa kama fedha, argoni, ile gesi ya kinga, imeilinda mpaka ikapoa. Ikiwa ya bluu au nyeusi, gesi imekatika mapema. Mimi huacha argoni itoke takriban sekunde moja kwa kila ampea 10 baada ya kuzima, na tochi siiondoi mahali pake mpaka gesi iishe. Kama bado inakuwa nyeusi, kagua mpira wa gesi na viungo vyake, kisha upepo unaopita hapo unapofanyia kazi. Na hakikisha kwenye DC (umeme wa mkondo mmoja) elektrodi iko upande wa hasi. Ukiiweka chanya, sehemu kubwa ya joto inairudia yenyewe, na hapo hata tungsteni inafanya tone.

Ni kwa sababu ya oksijeni hiyohiyo balbu za zamani, zenye waya wa tungsteni ndani, zilitolewa hewa au kujazwa argoni. Kioo kikipasuka, waya unakatika papo hapo. Waya wenyewe ulisumbua sana watu, maana tungsteni ilikuwa inavunjika tu, mpaka William Coolidge wa General Electric alipopata njia ya kuivuta iwe nyuzi, karibu na mwaka 1910.

Hata ardhini haipatikani ikiwa safi, imeshikana na oksijeni ndani ya madini ya wolframiti na sheliti. Sheliti inawaka rangi ya bluu ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, kwa hiyo watafutaji huisaka usiku. China inatoa sehemu kubwa ya tungsteni yote duniani. Vietnam, Urusi na Rwanda nazo zinachimba. Kiwandani mbale hugeuzwa kuwa unga wa oksidi, kisha hidrojeni yenye moto huiondoa ile oksijeni. Unga unaobaki hauyeyushwi, kwani chungu gani kingeuhimili? Hugandamizwa na kuchomwa mpaka chembe zishikane.

Sasa, wengi huchanganya tungsteni na kabaidi ya visu vya kukerezea. Kabaidi ni tungsteni iliyoungana na kaboni, kisha chembe zake zikagandishwa kwa kobalti. Ugumu ule unaokaribia almasi ni wa kabaidi. Zaidi ya nusu ya tungsteni yote huishia huko, kwenye keekee za kutobolea miamba na ncha za kukatia chuma cha pua. Ila kabaidi haipendi kugongwa, inapasuka. Na jiwe la kawaida la kunolea haliiwezi, tumia la almasi au lile la kijani.

Jambo moja naomba ulichukulie kwa uzito. Elektrodi yenye alama nyekundu ina oksidi ya thori, ambayo ina mionzi. Ikiwa nzima hatari yake ni ndogo, lakini vumbi lake likiingia mapafuni ni habari nyingine kabisa. Mimi nilihamia zile za lanthani zenye alama ya bluu na cheche inawaka vizuri vilevile. Ukinoa, ya aina yoyote, vaa barakoa na mikwaruzo ifuate urefu wa elektrodi, isiizunguke, la sivyo cheche itayumba.

Weka picha ya ncha hapa, pamoja na ampea unazotumia na kipenyo cha elektrodi, tuangalie.