Gari ya siti saba kukamata breki yenyewe: kabla hujanunua pampu ya ABS soma hapa

Mkuu mleta mada, hiyo kitu mi imenikuta na najua inavyonyima usingizi. Kwa waliochelewa, jamaa ana minivan ya siti saba, mtumba wa Japani, akiwa 80 hivi barabara kuu gari inakamata breki yenyewe hajagusa pedeli, inavuta kushoto, taa ya VSC (mfumo wa kuzuia gari isiseleleke) na ya ABS (ule wa kuzuia tairi zisifunge ukikanyaga breki) zinawaka, akizima na kuwasha zinapotea na gari inakuwa nzima kabisa mpaka siku nyingine. Fundi wa kwanza kambadilishia pedi na kusafisha kalipa, wa pili anamwambia anunue pampu ya ABS ya mtumba, wa tatu anataka achomoe fyuzi ya ABS yaishe. Anauliza amsikilize nani.

Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Breki zako kwa maelezo yako ni nzima, zinatii amri tu. Kuna sensa mahali inadanganya kompyuta, kompyuta inaamini gari inataka kuseleleka, inakamata tairi moja kukuokoa na ajali ambayo haipo. Kazi ni kumjua nani anadanganya, na hiyo huijui kwa kubadilisha spea moja moja.

Nieleze kidogo huu mfumo wa kuzuia gari isiseleleke unavyofanya kazi maana mafundi wengi wa mtaani wanauchanganya na ABS. Toyota wanaiita VSC, Honda VSA, Nissan VDC, Wajerumani ESP, Bosch waliitoa sokoni 1995 kwenye Mercedes S-Class, kitu ni kilekile. Kompyuta inasoma usukani umekata nyuzi ngapi, kila tairi inazunguka spidi gani, halafu kuna sensa moja ndogo, hii wengi hawaijui, inaitwa sensa ya yaw, inapima bodi lenyewe linajizungusha kiasi gani na linasukumwa pembeni kiasi gani. Usukani ukisema tunanyooka na sensa ya yaw ikasema gari inageuka, kompyuta inaelewa matako yanakimbia, hapo hapo inapunguza nguvu ya injini na kusukuma breki ya tairi moja. Pampu inaijenga presha yenyewe, mguu wako hauhitajiki. Ndo maana unaona gari inavuta upande mmoja badala ya kusimama kwa kunyooka, na hiyo ndo dalili kubwa kuliko zote ulizoandika.

Sasa yaliyonikuta. Nilikuwa natoka Dar naenda Moro na familia, gari imejaa, tumeshapita Chalinze, nyuma yangu shemeji yuko na gari yake na nyuma yake semi. Tukavuka rasta, ile gari inatulia tu baada ya mtikisiko, ghafla inakaba kama mtu kaivuta kamba, usukani unataka kwenda kulia, watoto wanarushwa mbele kwenye mikanda, pedeli sijaigusa. Ikaachia yenyewe baada ya muda mfupi sana lakini dashibodi imewaka kama mti wa Krismasi. Tuliposimama pembeni shemeji anashuka kafura, ananiuliza mbona unafunga breki bila taa? Nikamwambia sijafunga breki. Anabisha. Anasema hakuona taa ya breki hata moja, gari tu imemjia usoni.

Hilo la taa mkuu lishike sana. Kwenye magari mengi swichi ya taa za breki iko kwenye pedeli, sasa kama pedeli haijaguswa na mfumo haukutengenezwa kuziwasha wenyewe, aliyeko nyuma hana habari. Na hizi si stori za kijiweni. Mwaka 2013 Honda waliziita gereji Odyssey kama 344,000 za mwaka 2007 na 2008 kule Marekani kwa shida hii hii, programu ilikuwa inaweza kushindwa kuisawazisha VSA, presha inajengeka ndani ya mfumo, ikifika kiwango fulani gari inafunga breki ghafla na kwa nguvu bila taa za breki kuwaka. Mwezi wa tatu mwaka huo huo walishaita Pilot za 2005 na Acura kadhaa, nazo kwa sababu ya VSA kufunga breki yenyewe. (Odyssey ya Marekani si ile ya Japani tunayoiona huku, msianze kukimbia magari yenu.) Ninachosema ni kwamba hata kiwandani na wahandisi wao wote inatokea, kwa hiyo fundi akikwambia "haiwezekani gari ijifunge breki, umekanyaga mwenyewe" hama hiyo gereji.

Turudi kwangu. Tulivyorudi Dar nikapeleka gereji, fundi akachomeka kimashine kidogo kile cha kusoma injini, akasema gari haina tatizo. Vile vimashine vya bei rahisi vingi vinasoma injini tu, upande wa ABS na VSC haviingii kabisa, kwa hiyo "haina kodi" (kodi ni namba ya kosa ambayo kompyuta ya gari inaitunza) kwa kimashine kile maana yake hajapima. Nikaenda kwa fundi umeme mwingine mwenye mashine inayoingia kila mfumo. Kodi ikatoka ya sensa ya yaw, na hapa mafundi wengi wangesema leta sensa. Yule bwana hakufanya hivyo, akafungua laivu data (namba za sensa papo hapo gari ikitembea), akaniambia tuzunguke, mi nashika usukani yeye anaangalia skrini. Barabara nzuri, namba ya yaw imetulia sifuri. Tukaingia mtaa wenye mashimo, usukani umenyooka, namba inaruka kushoto kulia kama gari inacheza rumba. Tukisimama inatulia tena.

Akaniuliza swali moja, hii gari ilishafunguliwa ndani? Nikakumbuka mke wangu aliipeleka kuoshwa kapeti, zile za kutoa siti zote na kung'oa kila kitu. Tukafungua konso ya katikati pale chini ya hendibreki. Sensa ilikuwa imewekwa tu juu ya kibati chake, bolti moja imekazwa nusu na nyingine haipo kabisa, huenda iliishia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Ile sensa inatakiwa ikae imebana na bodi kabisa maana inapima mzunguko wa bodi, sasa yenyewe inacheza, kila rasta inajizungusha peke yake na kupeleka taarifa kwamba gari inazunguka. Ikawekwa bolti mbili mpya, ikasawazishwa kwa mashine, na mpaka leo haijarudia. Sensa ni ile ile, pampu ni ile ile.

Kwa hiyo mkuu swali la kwanza kwako: kabla haya hayajaanza gari iliguswa wapi? Fikiria vizuri, hata kama unaona haihusiani. Kuosha kapeti, kufunga redio mpya ya Android (konso inafunguliwa), alaimenti, kubadilisha rack ya usukani, betri kukaa imechomolewa, beringi ya tairi, ajali ndogo. Alaimenti ndo mchawi ambaye watu hawamjui, unatoka pale matairi yamenyooka lakini usukani umekaa pembeni kidogo, au fundi kaung'oa usukani akaurudisha na meno tofauti ili "ukae sawa" kwa macho. Kompyuta inakaa inaona umekata kona kidogo muda wote, spidi ndogo haijali, ukifika 80 au 100 hesabu zinagoma. Angalia usukani wako ukiwa barabara iliyonyooka, kama nembo ya katikati imelala upande, umeshapata pa kuanzia.

Beringi nayo ina hadithi yake. Beringi nyingi za kisasa zina sumaku upande mmoja, sensa ya ABS inasoma ile sumaku. Fundi akiipiga kinyume sumaku inaangalia upande ambao hauna sensa, tairi inazunguka ila kompyuta inaona sifuri. Hapo taa zinawaka mapema tu. Mbaya zaidi ni ile iliyokaa upande sahihi ila sumaku imepasuka au imekamata unga wa chuma, inasoma vizuri halafu inaruka, inasoma tena. Hii ikitokea kwenye spidi ndogo unapokaribia kusimama utasikia pedeli inatetemeka mguuni na gari inakataa kusimama vizuri. Hiyo ni ABS inadanganywa na ni kinyume cha shida yako, hapo gari inakunyima breki, yako inakupa breki usiyoomba. Usikubali fundi aziweke kapu moja.

Matairi pia, angalia ukubwa unaosomeka ubavuni. Kuna watu wanafunga mbele 195/65 nyuma 205/65 kwa sababu walipata bei nzuri, au wamesahau ile spea tairi nyembamba imekaa wiki nzima. Tofauti ndogo kompyuta nyingi zinavumilia, ila ukiongezea na usukani uliokaa vibaya ndo unapata vituko.

Na kama gari yako ni toleo jipya lenye kamera juu ya kioo au rada mbele kwenye grili, kuna mtu wa pili anayeweza kufunga breki, ule mfumo wa kuzuia kugonga. Huo kwa kawaida hukamata kwa kunyooka na unapiga kelele au kuandika kitu kwenye dashibodi. Kioo cha mbele kikibadilishwa bila kamera kupangwa upya unaanza kuona breki za ajabu ajabu. Wewe umesema inavuta kushoto na haipigi kelele kwa hiyo mi bado niko na VSC, ila kwa uhakika mwambie fundi ajaki gari azungushe kwa mkono tairi ya mbele ya upande wa kushoto baada ya safari, kama ni nzito na rimu inaunguza basi ni kalipa imekamata au mpira wa breki umevimba ndani. Umeshabadilisha pedi na shida haijaondoka, sidhani.

Ya kuchomoa fyuzi. Najua inashawishi, taa zitawaka moja kwa moja na gari haitakamata tena. Lakini fyuzi ile haiondoi VSC peke yake, inaondoka na ABS na ule mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma. Minivan tupu nyuma nyepesi, ukikanyaga breki ya nguvu kwenye mvua matairi ya nyuma yanafunga kwanza, na hapo huna wa kukuokoa. Na haya magari ni marefu kwenda juu. Serikali ya Marekani ilivyokuwa inaandaa sheria ya kulazimisha mfumo huu (magari yote madogo mapya kufikia modeli za 2012) ilikadiria unapunguza ajali za gari moja peke yake kwa 34% kwenye saluni na 59% kwenye SUV. Kuna swichi ya VSC OFF, kwenye Toyota nyingi ukiibonya mara moja unazima TRC tu (ile ya kuzuia tairi kuzunguka bure ukikanyaga mafuta), VSC mpaka ushikilie kwa sekunde kadhaa gari ikiwa imesimama. Kwa kuiendesha taratibu mpaka gereji, sawa. Kwa safari ya Dodoma, hapana.

Ukienda kupima, mwambie fundi mambo haya kwa lugha ya kawaida tu: naomba uingie ABS/VSC usome kodi zote usizifute kwanza, halafu tukaendeshe tukiangalia spidi za tairi nne, nyuzi za usukani na yaw kwa pamoja. Nne zikienda sawa, usukani ukisoma karibu na sifuri ukinyooka, na yaw ikitulia, ndo uanze kufikiria pampu. Kwa Toyota ukikuta kodi C1210 au C1336 usinunue kitu, hizo zinasema sensa haijasawazishwa sifuri, inafanyika kwa mashine au kwa kuunganisha pini za TS na CG kwenye soketi ya OBD (ile ya kuchomekea mashine ya kupimia), gari iwe sehemu tambarare kabisa na mtu asiiguse wala kufunga mlango. Kuna fundi anafanya hiyo kazi gari imepanda nusu kwenye ukingo wa barabara halafu anashangaa shida imezidi, kaifundisha gari kwamba mteremko ndo sifuri.

Kuna kingine, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya kampuni ya Japani, sehemu yao ya rikoo (kampuni kuyaita magari yenye kasoro yarekebishwe), kivinjari kitatafsiri. Mitumba haipigiwi simu na mtu, inaweza kuwa ilitakiwa irekebishwe bure kule ikapandishwa meli kabla.

Mpaka hapo, ukilazimika kuitumia kaa chini ya 50 na uache nafasi. Ikikamata usikate usukani kwa nguvu kupingana nayo maana ikiachia utajikuta upande wa pili wa barabara, shika imara, washa hazadi hapo hapo kwa sababu taa za nyuma huenda hazijawaka, sogea pembeni.

Weka hapa modeli, mwaka na kodi zitakazotoka, na kama ulifunga redio au kuosha kapeti mwaka huu niambie. Nakubetia soda ni konso.