Wati si nyuzi joto: balbu na dima za mjusi mwenye ndevu

SWALI: Shikamoo Daktari. Mwanangu ana mjusi mwenye ndevu wa miezi minane, tunamfuga kwenye kizimba cha futi nne. Dukani walituambia tuweke balbu ya kuotea joto ya wati 150. Kipimajoto kilichobandikwa ukutani kinasoma nyuzi 38, lakini mjusi hakai chini ya taa. Anajificha siku nzima na chakula anakionja tu. Jamaa mmoja akatushauri tufunge dima, ile swichi ya kupunguza mwanga wa taa za sebuleni, na tununue balbu nyekundu ya usiku. Dima inanguruma, na hata nikiipunguza mpaka nusu sioni tofauti. Ninunue balbu ya wati ngapi, na dima ya aina gani? – Mama Nuru, Birmingham

JIBU: Marahaba, Mama Nuru. Hilo la "wati ngapi" naulizwa karibu kila wiki, na kila mara anayeuliza keshapewa namba na mtu ambaye hajakiona kizimba chake. Wati hukuambia balbu inakula umeme kiasi gani, basi. Joto linalofika mgongoni mwa mjusi hutegemea umbali wa balbu, upana wa mwale wake, wavu uliopo katikati na ubaridi wa chumba chenu. Balbu ya wati 75 iliyo karibu na jiwe inaweza kuunguza ngozi, na hiyohiyo ukiipandisha juu ya kizimba kirefu, jiwe likabaki vuguvugu. Kwa hiyo anayekutajia wati kabla ya kukuuliza kimo cha kizimba anabahatisha, na anayelipa ni mnyama.

Kipimajoto cha kubandika kiondoe leo. Kinapima hewa iliyogusana na ukuta, wala hakijui lolote kuhusu jiwe lililo chini ya taa. Tafuta kile cha bastola, kama kile tulichokuwa tukielekezewa kwenye paji la uso wakati wa Korona, ila hakikisha ni cha kupimia vitu, maana cha homa hakikutengenezwa kupima jiwe lenye joto kali. Acha taa iwake saa nzima kisha piga pale anapoota. Unatafuta nyuzi 40 hadi 42 juu ya jiwe, na upande wa pili wa kizimba nyuzi 24 hadi 27. Kumbuka pia kwamba mgongo wake uko karibu na balbu kuliko jiwe, kwa hiyo jiwe likisoma 42, mgongoni ni zaidi. Mjusi anayeikimbia taa yake na kukataa chakula hunifanya nishuku kwanza kwamba pale pamepita nyuzi 50. Akiachama mdomo akiwa chini ya taa usishtuke, anapunguza joto. Akiachama akiwa upande wa baridi, mlete aonwe.

Sasa dima. Kwanza hiyo ya sebuleni huenda ni ya taa za LED, na nyingi za aina hiyo hazikutengenezwa kubeba balbu ya waya, ile ya kizamani yenye waya unaowaka ndani, ya wati 150. Huko kunguruma ni onyo, izime. Inayofaa imeandikwa kwamba inabeba balbu za waya au halojeni, na kiwango chake kinazidi wati za balbu yako kwa nafasi ya kutosha. Soketi ya balbu nayo iwe ya kauri, si ya plastiki.

Lakini hata ukipata dima nzuri, usiitumie kuficha kosa la balbu kubwa. Hapa ndipo ninapoishiwa subira na washauri wa dukani. Ukibana balbu ya waya mpaka nusu, mwanga wake unageuka manjano, kisha mwekundu wa makaa. Mjusi huyu ana asili ya maeneo makavu ya ndani ya Australia, ambako panapong'aa zaidi ndipo penye joto zaidi. Ni wa ukoo mmoja na wale mijusi wa Mwanza wenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu wanaoota jua juu ya mawe. Waangalie wale saa tatu asubuhi: wanafuata jua kali, kisha wanashuka kivulini wakishiba joto. Ukimpa wako joto lenye giza unamchanganya. Balbu iliyochaguliwa vizuri hukaribia joto sahihi dima ikiwa wazi karibu yote, na kinachobaki ni kurekebisha kidogo tu.

Kwa kizimba chenu ningejaribu halojeni ya mwale mpana. Anza na ndogo, ya wati 50 au 75, pima, kisha panda ikibidi. Ukikuta inapasha sehemu ndogo kama kiganja, weka mbili ndogo sambamba, ili joto limfunike kuanzia kichwani hadi shina la mkia. Mwale mwembamba huunguza mgongo huku tumbo likiwa bado baridi, na mjusi anaendelea kukaa palepale akitafuta joto. Vidonda vya namna hiyo nimevisafisha mara nyingi mno.

Tena dima haina macho. Ukiiweka mahali Januari, itabaki hapohapo Julai. Tarehe 19 Julai 2022 Coningsby, kule Lincolnshire, palifika nyuzi 40.3 nje kivulini. Mwenye dima peke yake ilimbidi awepo nyumbani kuizungusha. Kama uwezo upo, nunua themostati (kidhibiti joto) ya kufifisha, yenye waya wa kupima joto, inayopunguza taa yenyewe pole pole. Isiwe ile ya kuwasha na kuzima, maana taa itakuwa inakatika mchana kutwa na balbu itakufa mapema.

Balbu nyekundu rudisha dukani. Ule msemo kwamba mijusi hawaoni rangi nyekundu ni uongo unaouza balbu. Wanaiona, na juu ya kichwa wana jicho la tatu linalohisi mwanga. Usiku anahitaji giza. Chumba kikibaki juu ya nyuzi 18 hahitaji chochote, na kikishuka chini ya hapo, weka hita ya kauri isiyotoa mwanga, nayo iwe na themostati yake.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi kuliko hayo yote. Barua yako nzima hukutaja taa ya UVB, yaani ile inayotoa miale ya jua isiyoonekana kwa macho yetu. Balbu ya kuotea ya kawaida, hata ingekuwa ya bei gani, haimpi mjusi UVB, na jua la dirishani halisaidii kwa kuwa kioo huizuia. Wanaouza "balbu moja ya kila kitu" huwa hawalisemi hili. Zipo balbu za zebaki zinazotoa joto na UVB pamoja, lakini hizo hazifungwi dima kabisa, kwa hiyo zikizidi joto huna pa kupunguzia. Taa ndefu ya UVB nayo isiunganishwe na dima. Bila UVB mwili hautengenezi vitamini D3, kalsiamu ya chakula haishiki, na mifupa inalainika. Mjusi wa miezi minane bado anakua, kwa hiyo kwake huanza haraka. Naletewa wenye taya laini kama mpira na miguu inayotetemeka, na wenyewe wakiniapia kwamba joto walilipima vizuri. Mfupa uliokwisha kupinda sinyooshi.

Mguse taya taratibu leo jioni, liwe gumu pande zote. Kisha niandikie vipimo vya jiwe na vya upande wa baridi, kimo cha kizimba, na kama taa ya UVB ipo, imewaka miezi mingapi na kama kuna wavu kati yake na mjusi. Ikiwa haipo, inunue kabla ya hiyo dima.