Mteja akitishia kuua, mtibabu anaweza kuvunja siri?

Ndiyo, na kwa California ni zaidi ya kuruhusiwa: tishio likiwa zito na mlengwa anajulikana, mtibabu wa saikolojia anawajibika kisheria kumlinda. Msingi ni kesi ya Tarasoff, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka 1976. Prosenjit Poddar alimwambia mwanasaikolojia wake, pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwamba atamuua msichana. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, tena kwa barua. Wakamshika, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Msichana huyo, Tatiana Tarasoff, na wazazi wake hawakudokezwa lolote, na Oktoba 1969 Poddar akamuua. Hilo ndilo linaloniuma kila nikiisoma kesi hii: habari zilifika kwa watu kadhaa isipokuwa yeye.

Leo sheria ya California inamkinga mtibabu aliyejitahidi kulifikisha tishio kwa mlengwa na kwa polisi pia. Maneno ya hasira tu, kama "natamani bosi wangu afe", hayatoshi kufungua siri. Na usiichukulie California kuwa Marekani nzima: Texas iliukataa wajibu huo mwaka 1999.