Jibu: Andiko la kusoma mawifi wanapokucheka

Pole sana dada. Umeuliza usome nini, maana mawifi zako wanakusimanga kila kikao cha ukoo kwa kuwa wewe unauza viazi Mwanjelwa na wao wana ajira. Mimi nakwambia Zaburi ya 123. Ina mistari minne tu, unaimaliza kabla daladala haijajaza pale Uyole.

Wengi hukimbilia ya 35, ile ya kuomba adui waaibishwe. Sikukatazi, ila mimi ilinizidishia hasira. Hii ya 123 ni mojawapo ya zile zaburi 15 ziitwazo nyimbo za kupanda mlima, 120 hadi 134, na waimbaji wanakiri kabisa kwamba wameshiba dharau ya wenye kiburi. Wameshiba! Kama mtu aliyelishwa ugali asioutaka mpaka ukamkaba. Hawajifanyi kwamba hawaumii. Halafu angalia macho yao yameelekea wapi: hayako kwa wanaowacheka, yako kwa Mungu, kama mjakazi anavyoutazama mkono wa bibi yake.

Huo mkono naujua. Niliwahi kufanya kazi za ndani Iringa mjini, mwenye nyumba akiniita "we" tu mwaka mzima. Unautazama kwa sababu chakula kinatoka hapo, na kofi pia.

Na zaburi yenyewe haimaliziki kwa ushindi. Haisemi wenye raha waliokuwa wakiwacheka walinyamaza. Inaishia kwenye kilio, ndiyo maana naiamini.

Kikao kijacho usikwepe, dada. Wapelekee na debe la viazi, watakula tu.