Avoir: anzia kwenye "nina"
Umeuliza kwa nini Wafaransa husema j'ai faim kwa kitenzi avoir (kuwa na) badala ya kutumia être (kuwa). Ndugu yangu, hapo Kiswahili kinakubeba. Sisi pia tunasema nina njaa, nina kiu, nina miaka 20: j'ai faim, j'ai soif, j'ai vingt ans. Usipitie Kiingereza, utapotea bure. Kwenye baridi tunaachana kidogo: sisi tunaisikia, wao wanayo, j'ai froid. Il y a ni "kuna" tu. Ukiona j'ai mangé, yaani nimekula, hapo avoir ni kitenzi kisaidizi.

Kazi kubwa iko kwenye ils ont (wana) na ils sont (wao ni). "Wana" husikika na z katikati, "wao ni" husikika na s. Zitamke kwa sauti kila siku mpaka sikio lizoee.