Kiongozi hujifunza kwa nani?

Desemba ikifika, kila anayesimamia watu huingia kwenye ripoti. Malengo yaliyofikiwa, yaliyobaki, bajeti, nani apandishwe cheo, nani ahamishwe. Ni kazi ya lazima na mimi huifanya kama wengine. Ila kuna swali moja ambalo fomu za tathmini huwa hazina, na katika muda wote nilioongoza watu nimelipenda kuliko mengine: mwaka huu, nani alikufundisha jambo likakufanya ubadili uamuzi?

Siulizi umehudhuria semina ngapi. Semina ni nzuri, na kozi za mtandaoni zimewafungulia milango watu wengi ambao zamani wasingejua hata pa kuanzia. Ninachouliza ni jina la mtu. Jina la mtu aliye chini yako kikazi, aliyekwambia kitu usichokijua, ukakichukua na kukifanyia kazi. Ukilikosa jina hilo, mwaka wako una kasoro hata kama malengo yote yametimia.

Nasema hivi kwa sababu nimeona cheo kinavyofanya kazi yake kimyakimya. Ukiwa mfanyakazi wa kawaida unafundishwa kutwa nzima: unasahihishwa, unakaripiwa, mwenzako wa meza ya pili anakwambia hapo siyo. Ukipanda, masahihisho yanapungua. Si kwamba umeacha kukosea, bali walio karibu nawe wameanza kupima maneno. Taarifa mbaya inakufikia imelainishwa, nzuri inakufikia imepambwa. Sikio halipiti kichwa, walisema wahenga, na wengi wetu tumelelewa na msemo huo mpaka ukaingia damuni. Watu wanayajua matatizo moja baada ya jingine, lakini wanangoja waulizwe, na wakiulizwa mbele ya wenzao wanajibu kwamba mambo yako sawa.

Tumezoea kusema elimu haina mwisho kwa kuwa yaliyopo duniani ni mengi. Ni kweli. Kwa kiongozi kuna sababu nyingine ya karibu zaidi: kila anapopanda ngazi, njia zilizokuwa zikimletea elimu zinaziba, na asipozizibua mwenyewe hakuna atakayethubutu kumzibulia.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alilikuta jambo hili hospitalini miaka ya 1990. Alikuwa akichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa, akitarajia kwamba timu za wauguzi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume. Timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Alipochimba zaidi ikabainika kwamba huenda tofauti haikuwa kwenye kukosea. Kwenye timu hizo watu waliweza kusema, na kwenye nyingine makosa yalifichwa. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1996, na mimi huyakumbuka kila ninapoletewa ripoti ya mwaka isiyo na doa. Ripoti ya namna hiyo hunitia wasiwasi kuliko ile iliyojaa wino mwekundu.

Sasa, unamuulizaje mtu akwambie ukweli? Hapa ndipo penye kazi, na nitakaa hapa kidogo.

Kwanza, usiulize kwenye kikao. Kikao cha mwisho wa mwaka ni mahali pa kupongezana, na kupongezana kuna thamani yake, lakini hakuna atakayesimama pale kukueleza kwamba utaratibu ulioupitisha Aprili umewachosha. Mfuate mtu mmoja mmoja, ikiwezekana pale pale anapofanyia kazi badala ya kumwita ofisini kwako. Ukimwita ofisini anatembea akijiuliza amekosa nini.

Pili, swali lenyewe. “Una maoni gani?” ni swali pana mno, na jibu lake ni “hakuna, bosi”. Swali linalonipa majibu ni hili: “Ni kitu gani tunachokifanya hapa ambacho kesho tukikiacha hakuna atakayeumia?” Nilimuuliza hivyo mama mmoja anayetunza kumbukumbu za stoo. Akanyamaza kidogo, kisha akavuta droo na kunionyesha fomu ya kila Ijumaa, fomu tuliyoirithi sote kutoka uongozi wa zamani. Akaniwekea kidole kwenye safu ya mwisho. “Hapa,” akasema, “tangu niajiriwe naandika neno ‘hakuna’. Hajawahi kutokea mtu akaniuliza, hakuna nini.”

Nilimshukuru, nikaandika mbele yake, nikaenda kufuatilia. Ni kweli, hakuna ofisi iliyokuwa ikiitumia ile fomu. Tuliifuta. Lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuja baadaye: mama yule alinifuata mwenyewe, bila kuitwa, akiwa na utaratibu mwingine wa kuangaliwa. Njia ilikuwa imezibuka.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, chunga dakika ya kwanza baada ya kuambiwa. Moyo unataka kueleza. Unataka kusema utaratibu ule ulikuwa na sababu, kwamba bajeti haikuruhusu, kwamba yeye haoni picha nzima. Huenda yote hayo ni kweli. Yaache. Ukianza kujieleza, aliye mbele yako anajifunza kitu kimoja tu, kwamba kusema hakuna faida, na atawafundisha wenzake hivyo hivyo kabla ya saa ya chakula. Sema asante, omba mfano mmoja zaidi, andika. Maelezo yako yatapata wakati wake.

Mbali na watu, kuna mwalimu wa pili ninayemtegemea: daftari la maamuzi. Sizungumzii shajara ya mambo ya moyoni, ingawa nayo ina nafasi yake. Nazungumzia daftari la kawaida ambalo kila ninapofanya uamuzi mzito naandika nimeamua nini, kwa sababu gani, natarajia nini kitokee na lini, na nahofia nini. Naandika kabla matokeo hayajajulikana. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwa sababu matokeo yakishajulikana kumbukumbu huanza kujipanga upya ili ifanane nayo.

Hili si dhana yangu. Mwaka 1972, kabla Rais Nixon wa Marekani hajasafiri kwenda Beijing na Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea, kwa mfano kama Nixon angekutana na Mao, kiongozi wa China. Baada ya safari waliwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Mambo ambayo wanafunzi waliamini yametokea, walijikumbuka wakiwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyoandika mwanzoni. Hawakuwa wakidanganya. Waliamini kwa dhati kwamba walijua tangu mwanzo. Sasa fikiria kiongozi anayeketi Desemba kutathmini mwaka wake kwa kichwa peke yake: kila kilichofanikiwa atakumbuka alikiona mapema, na hatajifunza lolote.

Nitoe mfano mmoja kutoka kwenye daftari langu. Kuna mwaka nilimkabidhi kijana mgeni kazi ya kupanga zamu za kitengo kizima. Nimeandika: nampa kwa sababu ni hodari wa kompyuta, natarajia migongano ya ratiba ipungue kufikia Juni, nahofia wakongwe watamdharau. Migongano ilipungua kweli, na bila daftari ningefunga mwaka nikisema kompyuta imetusaidia, basi. Lakini ile hofu niliyoiandika ilinikodolea macho. Mbona haikutokea? Nikawauliza wakongwe. Wakanieleza kwamba kijana yule, kabla ya kubandika ratiba, alikuwa akimpitia kila mtu kumuuliza nani anauguza nyumbani, nani anasoma jioni, nani anahitaji Jumapili yake. Uhodari wa kompyuta ulikuwa sehemu ndogo ya habari. Kitengo kingine kilipohitaji mpanga zamu, nilitafuta mtu mwenye desturi ya kuuliza.

Ndiyo maana nawashauri wasimamizi wapitie mafanikio yao kwa makini kuliko matatizo. Tatizo hata usipolitafuta litakutafuta. Mafanikio yaliyokuja kwa sababu usiyoijua hupita bila kuulizwa, na mwaka unaofuata unarudia kitu kisichohusika ukingoja matokeo yale yale.

Kuna jambo dogo la kufanya kabla hujafungua daftari lenyewe. Chukua karatasi tupu, andika kwa kumbukumbu yale unayodhani umejifunza mwaka huu, halafu ndipo ufungue na kulinganisha. Tangu mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza huyeyuka upesi mwanzoni, na tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kujikumbusha bila kuangalia hukijenga kitu kichwani kuliko kukisoma tena na tena. Utashangaa ni mangapi yamekutoka, pengine yale yale uliyoyaandika kwa kupigia mstari.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa kwa redio akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazo hilo halikuanzia usiku ule. Alipouwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1964, alikwisha kueleza kwamba watu wazima waanze, kwa sababu matunda ya kuwasomesha watoto yangechukua miaka mingi kuonekana. Mimi huirudia hotuba ile ya redio akilini kila mwaka unapoisha. Usiku ambao viongozi wengi huorodhesha ahadi, yeye aliwaambia watu wazima wakasome.

Kwenye timu, hilo lina maana ya vitendo. Ukipanga mwaka ujao, tenga muda wa kazi wa watu kujifunza, na uuandike kwenye ratiba kama unavyoandika vikao. Kujifunza kunakoachwa kwa “ukipata nafasi” hakufanyiki. Na waliobobea wasiwe wanafunzi tu: aliyekaa muda mrefu awafundishe wageni, mgeni naye amfundishe mkongwe anachokijua, na wewe kaa kwenye kiti cha nyuma uandike. Watu wakikuona unaandika anachosema mdogo wako, hutahitaji kuwahubiria.

Januari ikianza, usianze na malengo mapya. Rudi kwanza kwa wale waliokwambia mambo Desemba, mmoja mmoja. Mwambie kila mmoja: ulinieleza hivi, nimefanya hivi, na hili sikuweza kwa sababu hii. Hilo la tatu usiliruke. Wengi hurudi na habari njema tu, na mtu ambaye neno lake halikufanyiwa kazi anabaki akidhani lilitupwa. Mweleze lilipofikia, nani alilipima na kwa nini limekwama, kisha muulize kama anaona njia nyingine ya kulifikia.